Goronwy Cadwaladr na Mwani wa Machi 1997

Ndugu, majirani na wote mliofika katika kanisa hili la Horeb, Porth Wenllys, leo Ijumaa tarehe 10 Februari 2023.

Karatasi mliyopewa mlangoni, yenye picha ya marehemu ameshika lenzi na kutazama mbali kama nahodha, aliiandika mwenyewe. Aliiandika Novemba, akaipeleka kwa mchapaji kwa mkono wake, akakataza mtu asiguse hata koma. Isomeni nyumbani. Kinachosomwa hapa ni kingine, na kimeandikwa na dada yake, Nesta, ambaye aliagizwa asome ile karatasi neno kwa neno na akaitikia, “Ndiyo, kaka.” Mchungaji ameshaambiwa. Hakufurahi, lakini ameshaambiwa.

Goronwy Cadwaladr alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1941, nyumba namba tatu, nyuma ya kanisa hili, mtoto wa kwanza wa Huw Cadwaladr, mchonga mawe ya makaburi, na mkewe Catrin. Nesta alimfuata baada ya miaka mitano. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alitoka amekunja uso, akamtazama mkunga kama mtu aliyekosea nyumba. Uso ule hakuubadilisha miaka themanini na moja. Wengi wenu mliopo hapa mmetazamwa nao.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari mjini, na huko ndiko balaa lilikoanzia. Alipokuwa na miaka kumi na minne alimpelekea mwalimu wa sayansi utepe wa mwani wenye kigaga cheupe, akauliza ni nini. Mwalimu hakuinua hata kichwa. “Chumvi tu hiyo, Cadwaladr. Kaa chini.” Goronwy akaenda nao nyumbani, akauweka kwenye sahani ya maji ya bahari, akakaa nao na lenzi ya baba yake jioni nzima. Kile kigaga kikafunguka. Kila kitundu kikatoa taji la nyuzi nyembamba, zikawa zinapepea na kuokota chakula majini. Asubuhi alibeba sahani ile maili mbili, hakumwaga hata tone, akaiweka juu ya meza ya mwalimu mbele ya darasa zima. “Chumvi yako hii inakula, mwalimu.”

Alichapwa viboko viwili. Naye alikuwa amesema kweli, ndiyo maana Nesta anaiita siku hiyo balaa. Mtoto akisema kweli akachapwa, anaweza kukua akiamini kwamba kila anayempinga ni yule mwalimu. Goronwy alikua hivyo hivyo.

Kwa wale wachache ambao hakuwahi kuwabana kwenye kona ya duka: viumbe vile vinaitwa briozoa, na ole wako umwambie marehemu ni mmea au ukungu. Ni wanyama. Mmoja ni mdogo kuliko punje ya sukari, ana kijumba chake, na vijumba mamia vinashikana vikatanda juu ya mwani kama lesi ya mtandio. Aina ni nyingi na zote zinafanana, mpaka uhesabu miiba iliyozunguka mdomo wa kijumba. Kazi hiyo hufanywa kwa magoti, siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali na miamba ya chini ikaonekana kwa saa moja hivi, pua yako ikiwa ndani ya mwani baridi. Marehemu aliifanya kazi hiyo miaka sitini na saba. Alikuwa na sheria moja aliyowapigia watu kelele mpaka sauti ikamkauka: “Anza kwenye mizizi! Mwani unasomwa kutoka mizizini kwenda juu. Mizizi ndiyo inayokwambia umeota wapi.” Sheria nzuri sana hiyo. Ishikeni, tutairudia.

Mwaka 1957 alikwenda Liverpool kujifunza utengenezaji wa meno ya bandia. Alirudi Septemba 1962, akafungua karakana mjini Pwllheli juu ya duka la viatu, na humo alichonga meno mpaka alipostaafu mwaka 2004. Alikuwa fundi hodari, hilo dada yake halipingi. Nusu ya meno yaliyoimba wimbo wa kwanza hapa leo yalitoka mkononi mwake. Ila hakuwa akimtazama mtu usoni, alimtazama mdomoni. Mke wa mchungaji aliyepita alimsimamisha siku moja barabarani, machozi ya furaha yanamlengalenga, akamwambia mwanawe amefaulu kuingia chuo kikuu. Goronwy akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “La chini linacheza. Njoo Jumanne.”

Watu wakisema marehemu hakuwa na dharau, alikuwa na msimamo tu, muwaache waseme. Alikuwa na dharau. Aliwadharau watalii na ndoo zao, waliovaa viatu vipya ufukweni, na wenye vitabu vya picha za rangi. Alikidharau hata Chama cha Pwani cha Rasi alichokuwa katibu wake miaka thelathini, na hapo Nesta anakubaliana naye. Bwana Tegid Maddox, mwenyekiti, yupo hapa benchi la pili. Hajawahi kupiga magoti kwenye mwamba hata siku moja. Anasema ni maumivu ya goti. Ni suruali, Tegid, sote tunajua ni suruali.

Tarehe 18 Juni 1966, katika kanisa hili, alimwoa Dilys Bebb, binti wa mwoka mikate. Hapa tumpe haki yake, kwa sababu alikuwa na siku moja nzuri kama watu wengine. Aina moja ya briozoa huota kama majani makavu ya kahawia, na ikitoka majini mbichi hunukia ndimu. Goronwy alilibeba fungu lake mpaka dukani kwa Bebb, akamwekea Dilys juu ya kaunta, kati ya mikate. “Nusa.” Dilys akanusa. “Ndimu!” “Si ndimu. Ni wanyama elfu ishirini.” Dilys alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga. Alikuwa akisema hajawahi kuletewa maua elfu ishirini na mtu mwingine yeyote. Walijaliwa mtoto mmoja, Rhodri, mwaka 1970.

Na Dilys alikuwa na kaka, Ifor. Alirithi tanuri la baba yao, milango minne kutoka nyumbani kwa marehemu. Mwoka mikate huwa amemaliza kazi yake kabla wengine hawajanywa chai, na hapa kwetu maji ya bamvua hupwa mchana, kwa hiyo mashemeji hao wawili walikuwa miambani pamoja kila mwezi, miaka thelathini na mmoja. Goronwy alimfundisha Ifor kila kitu. Ifor alijifunza upesi, vidole vyake vikawa vyepesi kuliko vya mwalimu wake, na akawa mara nyingine anaona kabla yake. “Shemeji, hii ina miiba tisa, si minane.” Goronwy alikuwa akihesabu upya, anakuta tisa, ananyamaza njia nzima mpaka nyumbani.

Sasa tufike Jumanne tarehe 11 Machi 1997. Karatasi yenu inasema kwamba siku hiyo marehemu alimpata, akiwa wa kwanza pwani yote ya kaskazini, briozoa fulani wa kusini mwenye miiba kumi na miwili, “juu ya mwani uliokuwa umeota kwenye mwamba, chini ya kikomo cha maji kupwa.” Ndiyo sentensi aliyoitaka isomwe kwa sauti. Kila mwenye lenzi katika rasi hii anaijua, maana imechapwa katika kijitabu cha Chama kila mwaka, ukurasa wa kwanza, na jina lake chini.

Ifor hakuwapo siku ile. Tanuri lilikuwa limepasuka naye alikuwa ndani yake na saruji. Aliyebeba mfuko alikuwa Nesta.

Dhoruba ilikuwa imepiga siku tatu mfululizo kutoka kusini, na ufuo ulikuwa umejaa mwani uliotupwa, malundo kufikia kiunoni. Katika kazi hii mwani uliotupwa haumpi mtu sifa. Unaweza kuuandika, lakini unaandika umetupwa, kwa sababu umesafiri, na mnyama aliye juu yake ni mgeni kama ulivyo huo mwani. Hata Tegid anajua hilo. Goronwy alichomoa bua moja nene kutoka kwenye lundo. Kutoka kwenye lundo, ndugu zangu, si kwenye mwamba. Akaweka lenzi jichoni, akahesabu, akahesabu tena.

“Kaka,” Nesta akasema, “si huu umetupwa na maji?”

“Shika mfuko, Nesta.”

Vidole vya mizizi ya bua lile vilikuwa vimekumbatia jiwe jekundu, dogo kama yai la kuku. Ghuba yetu haina jiwe jekundu hata moja. Mawe yetu ni ya kijivu, na watoto wa mchonga makaburi hawahitaji kuambiwa. Goronwy alilitazama jiwe lile kwa muda. Kisha akatoa kisu, akakata mizizi ikiwa bado imelishika, akatia mfukoni mwa koti, akafunga kifungo. Bua lililobaki akalilaza kwenye mfuko kama mtoto mchanga.

Tarehe 19 Aprili alilionyesha mbele ya Chama, hapo chumba cha nyuma cha kanisa. Watu wakapiga makofi. Ifor akaliinua, akaligeuza, akafanya kama alivyofundishwa, akaanza chini.

“Shemeji, mizizi iko wapi?”

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mwanafunzi anayejua mwalimu atakuwa na jibu. Na Goronwy, mtu aliyechapwa viboko kwa kusema kweli, alimtazama ndugu wa mkewe mbele ya watu arobaini, akasema, “Mwoka mikate, kakande unga wako. Haya mambo yana wenyewe.”

Walicheka. Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Ifor alivaa kofia yake, akasema, “Haya, usiku mwema,” akatoka, na huo ukawa mwisho wao.

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Ya Goronwy ilikuwa ndefu miaka ishirini na sita, tena aliitembea kifua mbele. Kwanza alipiga marufuku mkate wa Ifor nyumbani kwake. Dilys, aliyelelewa juu ya tanuri lile, akawa anakula mkate wa mfuko kutoka mjini, ule uliokatwa tayari, ulio kama sifongo. Kisha marufuku ikapanda ngazi: asiingie dukani, asisimame mlangoni, asimsalimie. “Chagua, Dilys. Mimi au yule mwongo.” Mwongo! Dilys alikuwa mke wa zamani zile, akachagua kimya. Aliacha kupita mbele ya duka. Akitaka kwenda posta, milango miwili mbele, alizunguka nyuma kwa njia ya ng'ombe, na viatu vyake vya kanisani vikaingia matope.

Mwaka 2009 aliugua, saratani ya koo. Wiki ya mwisho ya Oktoba alisema, “Nataka mkate wa Ifor. Ule wa zabibu, wa moto.” Nesta alikuwa amekaa kitandani kwake, alisikia. Goronwy alikuwa mlangoni, naye alisikia.

“Mkate ni mkate,” akasema, akaleta wa mfuko.

Siku ya pili Nesta alikwenda kwa Ifor, akarudi na mkate chini ya koti, umemchoma tumbo. Dilys hakuwa na uwezo tena wa kumeza. Aliushika kwa mikono miwili, akauweka puani, akafumba macho, akakaa nao hivyo mpaka ukapoa. “Asante, wifi,” akasema. “Ufiche kabla hajaja.” Alifariki tarehe 4 Novemba. Siku ya maziko yake Ifor alisimama nje ya geti lile pale, kofia mkononi, mvua inamnyeshea, maana alikuwa ameambiwa asikanyage ndani. Goronwy alipita mbele yake akitazama juu, kama mtu anayekagua mawingu.

Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mdudu anayekaa juu ya ncha ya sindano na nafasi ikabaki. Kwa ajili ya mstari mmoja katika kijitabu kinachosomwa na watu arobaini, thelathini kati yao wakiwa wanatafuta majina yao. Dada mtu amekaa na swali hilo tangu siku ile, na kila akilijibu anamdharau zaidi.

Lakini msimwangalie Nesta kama malaika. Alikuwapo. Aliona lundo, aliona jiwe, aliona kisu. Neno lake moja mbele ya Chama, neno moja tu, na Dilys angekula mkate wa kaka yake miaka kumi na miwili. Hakulisema, kwanza kwa sababu Goronwy alikuwa mkubwa wake, na katika nyumba yao mdogo hakumsahihisha mkubwa. Sababu ya pili ni mbaya zaidi: alifurahi kuona jina Cadwaladr limechapwa ukurasa wa kwanza. Alinunua nakala tatu. Dharau yote mliyoisikia hapa leo, chukueni nusu yake mumpe yeye.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Septemba mwaka jana, miguu ikamvimba, pumzi ikawa fupi. Alilazwa hospitali tarehe 20 Januari. Hakuwa mgonjwa mzuri. Muuguzi aliyemwinua ili anywe dawa aliulizwa, “Nani alikutengenezea hilo la juu? Alikuwa amelewa?” Tarehe 31, Rhodri alipokwenda kutafuta chai, alimvuta Nesta kwa mkono wa sweta.

“Droo ya chini ya karakana,” akasema. “Kuna kikopo cha bati, cha plasta. Nitakapowekwa kwenye jeneza, nitie mfukoni. Usikifungue.”

“Kina nini, kaka?”

“Nimesema usikifungue.”

“Ni lile jiwe?”

Goronwy akafumba macho. Nesta akamwambia, “Kaka, Ifor bado yu hai. Nimwite? Dakika ishirini tu kwa gari.” Goronwy akasema, kwa sauti yake ileile ya siku zote, “Na ile karatasi yangu, usiipunguze. Neno kwa neno.”

“Ndiyo, kaka.”

Alifariki Alhamisi tarehe 2 Februari 2023, saa tano asubuhi, wiki moja kabla ya kutimiza miaka themanini na miwili.

Kikopo kimefunguliwa. Jiwe limo, jekundu vilevile, na vidole vya mizizi vimekauka juu yake, bado vimelishika, na pale kisu kilipopita panaonekana wazi. Angeweza kulitupa baharini siku ileile. Bahari ilikuwa hatua kumi. Alilitunza miaka ishirini na sita. Dada yake amejaribu kufikiri kwamba huo ulikuwa mwanzo wa kutubu. Labda. Kutubu kunakofungiwa kwenye droo hakujawahi kumlisha mtu mkate.

Kwa hiyo sentensi ile haitasomwa, na jiwe halimo mfukoni mwake. Mfukoni ana lenzi yake, imtoshe. Jumatatu Tegid atapokea barua yenye sahihi ya shahidi, na kijitabu kijacho kitaandika: umetupwa na maji. Tegid, usitikise kichwa. Kitaandika.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Rhodri, na mkewe Mererid. Wajukuu wawili, Heledd na Gruffudd. Dada mmoja, Nesta. Na ameacha shemeji mmoja ambaye katika karatasi yenu hayumo: Ifor Bebb, miaka themanini, amekaa pale benchi la mwisho karibu na mlango, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Hakuna wa kukufukuza, Ifor. Mkate wa chai baada ya maziko ni wako, nawe unajua, maana ni mimi niliyekuagiza uuoke, na Nesta huyo ndiye mimi.

Uliuliza swali tarehe 19 Aprili 1997, ukachekwa. Mizizi hii hapa, shemeji. Njoo uichukue. Usiharakishe, magoti yako wewe yanauma kweli. Sisi tutangoja, wachimba kaburi watangoja, na Goronwy, ambaye hakuwahi kumngoja mtu, leo na yeye angoje. Ukishaishika mkononi, ndipo apumzike kwa amani.